Moyo Udundao Kabla ya Chai

"Nani amewahi kunyimwa chai nyumbani kwa dada yake wa tumbo moja?"

Oyugi aliuliza swali hilo kwa sauti kubwa, akiwa amesimama mlangoni mwa duka la ushonaji la Akeyo, Kansanga, Kampala, ili hata wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wapate kumhurumia. Alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la kijivu na kofia ya heshima. Alikuwa amesafiri kutoka Ahero, Kenya, kwa jambo moja tu: kumsikia mdogo wake akitamka kwa kinywa chake kwamba hataolewa na polisi wa Kiacholi.

"Hujanyimwa, kaka," Akeyo alijibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Chai iko kwenye chupa. Tungoje kidogo."

"Jana tulingoja. Juzi tulingoja. Akeyo, nyar baba, binti wa baba yangu, mimi nikiamka bila chai ya maziwa mwili wote unakuwa kama nimeuazima. Tunangoja nini?"

"Tunamngoja Koplo," alidakia Namalwa, mkata vitambaa wa duka, mkasi mkononi na kicheko mdomoni. "Hapa, mzee, chupa haifunguliwi Koplo hajaketi. Hiyo ndiyo sheria ya duka."

"Wewe kata kola," Akeyo alimwambia. Lakini alipotaka kutia uzi kwenye sindano, uzi ulikwenda kushoto, sindano ikaenda kulia, na mkono wake ukatetemeka kama jani la muhogo. Akauweka mapajani asionekane.

Koplo Odoch alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Alikuwa mgane, mrefu, mwenye mvi za kwanza juu ya masikio na mwendo wa mtu ambaye miguu yake haijui kukosea. Mara ya kwanza aliingia dukani na koti la gwaride lililombana kwapani. Akeyo alipomzunguka na futi yake ya kupimia, skafu ilimteleza shingoni, na kovu la operesheni likaonekana. Wanaume wengine huangalia pembeni. Odoch aliliangalia vizuri, kisha akasema, "Hii fundi alishona safi. Hata wewe unaweza kumpa kazi hapa."

Akeyo alicheka mpaka pini zikamwanguka.

Tangu siku hiyo, kila mazoezi ya bendi yalipokwisha asubuhi, Koplo alipita dukani na kifungo kilicholegea. Namalwa aliapa kwamba hakuna polisi Uganda nzima aliyepoteza vifungo vingi kiasi kile, na kwamba vingine vilikuwa na alama ya kisu. Kifungo kilishonwa, chai ilimiminwa, mazungumzo yalinoga. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, Odoch alisema alichokuwa akikizunguka muda wote. Alitaka kumwoa.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu moyo wa Akeyo ulikuwa umeshaanza kukimbia.

Ulidunda akipanda ngazi, ulidunda akiwa amekaa. Usiku usingizi ulimpita kama mgeni asiyemjua. Gauni la kanisani lilimlegea kiunoni. Namalwa alisema hayo ni mapenzi matupu, na Akeyo alikaribia kukubali, mpaka mteja mmoja, mwalimu wa Kyambogo aliyeleta sare za wanawe, akamwambia, "Dada, si wewe ulitolewa tezi ya shingoni kama mimi? Si unameza kile kidonge kila siku? Basi kapimwe. Dozi ikizidi, moyo hukimbia bila dereva."

Neno hilo lilimwingia Akeyo kama mwiba. Akiwa msichana aliwahi kuufuata moyo uliokuwa ukidunda. Ulimpeleka kwa mwanamume aliyekwenda Juba kufanya biashara, akaoa huko, akasahau njia ya kurudi. Aliapa kwamba hatauamini tena moyo kwa sababu tu unapiga kelele. Akaenda kutolewa damu, na majibu yalikuwa yatoke leo.

"Afande!" Namalwa aliita. "Mguu pande, mguu sawa!"

Odoch aliingia akiinama chini ya mlango. Alivua kofia, akamkabili Oyugi kwanza, kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha mkono wa kulia.

"Omera," alisema. "Umeamkaje?"

Oyugi alishtuka. "Omera? Hilo neno umelitoa wapi? Hilo ni la kwetu."

"Hata kwetu iko. Ndugu yangu ni omera. Mimi nilinyonya nayo."

"Mmh," alisema Oyugi, akikazia macho chupa ya chai. "Basi keti, tufunguliwe."

Lakini Akeyo hakuifungua. Alisimama, akaikunja futi yake kidoleni, akaikunjua.

"Leo chai ingoje tena. Koplo, nina neno, na nalisema mbele ya kaka yangu asije akasema nilimficha. Uliniuliza swali. Siwezi kukujibu."

Odoch alibaki na kifungo cha siku hiyo mkononi. "Huwezi leo, ama huwezi kabisa?"

"Sijui. Ndilo tatizo. Ukiingia hapo mlangoni moyo wangu unadunda. Lakini unadunda pia paka akiingia! Juzi nimeshona mfuko wa shati mgongoni, na wewe hukuwepo. Ninameza dawa ya tezi, na nimeambiwa dawa yenyewe inaweza kufanya hivi. Nitajuaje kama ni wewe au ni kidonge?"

Namalwa aliacha kukata. Oyugi alivuta pumzi ya furaha.

"Umesikia?" alisema. "Ni dawa. Mimi nilijua hakuna kitu hapa. Koplo, usichukie, wewe ni mtu wa adabu, lakini sisi hatukujui. Mama yako Mwislamu, baba yako Mkatoliki, nyumbani kwenu ni mbali kuliko Nairobi, na kazi yako ni kupiga ngoma. Kule kwetu kuna mwanamume ana duka la vifaa vya ujenzi. Mabati! Misumari! Mtu wa namna hiyo hahami."

"Kaka, huyo wa misumari hana hata jino la mbele."

"Jino linanunuliwa!"

Odoch alimsogelea Akeyo hatua moja.

"Fundi, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Wewe unanipima kila siku na futi. Leo mimi ndiyo napima."

Akampa. Odoch aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, akafumba macho, na kichwa kikaanza kutikisika taratibu, kama afanyavyo akiisikiliza bendi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sababu ya fimbo za ngoma, lakini vilikaa pale kwa wepesi wa kipepeo. Akeyo alitamani visitoke.

"Hii si mwendo ya gwaride," alisema, macho bado yamefumbwa. "Hii si mwendo ya harusi. Hii ni watu wanakimbia mvua na mzigo kwa kichwa." Akafumbua macho, hakuwa na utani tena. "Fundi, hii moyo inachoka. Twende kwa daktari sasa hivi. Hayo mambo ingine itangoja."

"Na daktari akisema ni dawa?"

Odoch aliuachia mkono wake. "Basi ashushe dawa, wewe upone. Mimi siwezi kuoa mtu kwa nguvu ya kidonge."

"Maneno ya busara," alisema Oyugi. "Na mimi nakuja, niyasikie kwa masikio yangu. Gari langu la kurudi linaondoka jioni, nataka kumpelekea mama jibu kamili." Akaichukua chupa ya chai na mfuko wa mandazi, akavikumbatia kifuani. "Na hii sitaiacha hapa na huyu msichana."

Walipanda boda boda tatu kwenda Nakasero. Ya mbele ilimbeba Akeyo, ya pili Odoch aliyekaa wima kama yuko kwenye paredi, na ya mwisho Oyugi, mkono mmoja juu ya kofia na mwingine juu ya chupa, akimpigia dereva kelele kwamba yeye ni baba wa watu na asipitishwe kwenye matundu.

Daktari Aloyo alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na kicheko cha karibu. Alipowaona wakiingia chumbani wote watatu, na chupa, aliinua nyusi.

"Mama Akeyo, hawa nawaruhusu?"

"Waruhusu, daktari. Huyu ni kaka yangu. Na huyu..." Akeyo alisita. Alimtazama Odoch, Odoch akatazama viatu vyake vilivyong'aa. "Huyu ni..."

"Sawa. Huyo atakaa karibu na mlango," alisema daktari.

Alimpima mapigo, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka, kisha akafungua majibu kwenye kompyuta.

"Ndiyo. Nilivyodhani. Dawa imezidi mwilini. Moyo kukimbia, kukosa usingizi, kukonda, mikono kutetemeka, vyote vinatoka hapo. Umefanya vizuri kuja. Usiogope, tutapunguza dozi, na baada ya wiki kadhaa tutapima tena. Ila usijipunguzie mwenyewe wala kuiacha. Hiki kidonge ndicho kinachofanya kazi ya ile tezi tuliyokutoa."

Akeyo aliitikia kwa kichwa. Alijua angefaa kufurahi. Badala yake aliona kitu kikishuka ndani yake, polepole, kama pazia. Basi ilikuwa dawa. Zile asubuhi zote, kule kuchungulia barabarani, kule kuvaa skafu ya kijani kwa sababu mtu aliwahi kuisifu, vyote vilikuwa kidonge kidogo cheupe.

Nyuma yake kiti kilisogea. Odoch alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Asante, daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia. Fundi, upone salama. Koti yangu iko sawa sasa, haina shida." Akashika kitasa.

"Subiri kidogo, wewe wa mlangoni," alisema Daktari Aloyo, akiwa bado anakodolea kompyuta. "Kuna kitu hakijanikaa. Mama Akeyo, dozi hii uko nayo muda mrefu. Mwaka jana kwenye damu ilionekana bado iko chini, tukakuongezea. Ikawa bado chini, tukaongeza tena. Hukuwa na moyo wa kukimbia. Halafu ghafla, dozi ile ile imekuwa nyingi. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Kuna dawa nyingine unakunywa? Za miti?"

"Hapana."

"Kidonge unakimeza vipi?"

"Kama mlivyonifundisha. Asubuhi, kabla ya chakula. Na maji."

"Siku zote na maji?"

Akeyo alifikiri. "Siku hizi na maji. Zamani nilikuwa nakimeza na chai."

"Chai gani?"

"Chai, daktari. Chai ya kawaida. Ya maziwa."

Daktari Aloyo alivua miwani. "Mama, si tulikwambia kabla ya chakula?"

"Kwani chai ni chakula?" Akeyo aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Chai si chakula," Oyugi aliunga mkono kwa uzito, kama mtu anayetoa ushahidi. "Kwetu sisi mtu akinywa chai hajala. Amefungua macho tu."

Daktari alijizuia kucheka, akashindwa. "Haya, nimejifunza. Kumbe ningeuliza mapema. Sikilizeni. Maziwa huishika hii dawa tumboni, isiingie yote kwenye damu. Ulikuwa unainywesha chai, mimi naiona haitoshi, naongeza. Kisha umeacha chai ya asubuhi, dawa yote ikaingia, na ikawa nyingi. Ndiyo maana moyo umekimbia. Sasa niambie, chai uliiacha lini, na kwa nini?"

"Hajaiacha!" Oyugi alilipuka. Njaa ya siku tatu ilikuwa imemfika kooni. "Angekuwa ameiacha ningemwelewa! Anaipika alfajiri, daktari, nainusa nikiwa kitandani, iliki na tangawizi, halafu anaifungia kwenye chupa! Yeye mwenyewe haigusi. Mimi ndugu yake haniachi niiguse. Anameza kidonge chake na maji makavu, anakaa na njaa, anaangalia barabara. Na alikuwa mtu wa chai huyu! Tangu utotoni asingeweza hata kusalimia bila kikombe. Sasa anamngoja huyu mpiga ngoma kila siku aliyoumba Mungu, mpaka aketi, mpaka ashike kikombe, ndipo na yeye..."

Akanyamaza.

Oyugi alibaki na mdomo wazi, akiwa amesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Alikuwa amefika Kampala kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Na shahidi aliyekuwa akimtafuta alikuwa yeye.

Akeyo aliweka mkono kwenye kovu la shingo. Alikumbuka sasa. Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa kwanza wa vifungo vile, alikuwa ameinua kikombe chake cha alfajiri, kidonge kikiwa kwenye kiganja, akafikiri: Koplo atakuja akiwa amelowa. Atakunywa peke yake? Akakirudisha kikombe mezani. Wakati huo moyo wake ulikuwa haujaanza kukimbia hata kidogo. Ulikuwa umetulia tuli.

"Daktari," alisema taratibu, "kwa hiyo kilichotangulia si dawa?"

"Kilichotangulia ni wewe kungoja," alisema Daktari Aloyo. "Dawa imekuja nyuma. Ushahidi nimeupata kwa kaka yako, si kwa damu."

Akeyo aligeuka. Odoch alikuwa bado ameshika kitasa, lakini alikuwa amekishika kama mtu aliyesahau milango hufunguliwa vipi. Macho yao yalikutana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeyahamisha. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, huyo mwanamume aliyezoea kupiga ngoma mbele ya wakubwa wa nchi bila kupepesa.

"Koplo," alisema Akeyo, "moyo wangu utatulia baada ya wiki kadhaa. Ukitulia hautadunda tena ukiingia mlangoni. Utavumilia?"

"Fundi, mimi nataka itulie," alisema Odoch, akikiachia kitasa. "Moyo ikikimbia inapita nyumba yangu. Ikitembea pole pole ndiyo itaingia."

"Hee!" alisema daktari. "Na kule kwetu wanasema wanaume hawajui kusema." Akaandika dozi mpya, akamkabidhi Akeyo. "Kidonge na maji, kila asubuhi. Chai baadaye, baada ya saa nzima au zaidi. Endelea kumngoja huyu bwana. Hayo ni maagizo ya daktari."

Nje ya kliniki kulikuwa na benchi kwenye kivuli cha ukuta, na magari ya Nakasero yalipita yakipigiana honi. Oyugi alikaa katikati, kwa hasira, akaweka chupa mapajani. Akeyo alikaa kulia kwake, Odoch kushoto.

"Mama ataniuliza," alisema Oyugi hatimaye, akiongea na kofia yake. "Nimwambie nini? Nimwambie nilikwenda kuizuia nyumba nikaijenga?"

"Mwambie ulichokiona, kaka."

"Nilichokiona ni njaa." Akamgeukia Odoch. "Na wewe. Ukihamishwa je? Bendi ikipelekwa Gulu?"

"Kule Gulu pia watoto wanavaa sare. Cherehani ni ya kubebeka, mimi nitabeba. Nimezoea kubeba ngoma, na ngoma ni kubwa zaidi."

"Na mabati? Unayo mabati?"

"Nyumba yangu ya nyumbani iko na mabati, omera. Nilipigilia mwenyewe misumari. Na meno yangu yote iko."

Oyugi alijaribu kununa, lakini tumbo lake lilianza kutikisika, kisha mabega, na mwisho akacheka mpaka kofia ikamtoka. Alijifuta machozi kwa leso, akaifungua chupa. Mvuke ulipanda, wa iliki na tangawizi. Kulikuwa na kikombe kimoja tu, kile cha kifuniko. Akakijaza.

Mtu wa Ahero mwenye njaa ya siku tatu alikitazama kikombe kile kwa huzuni kubwa. Kwao, kikombe cha kwanza hupewa shemeji anayepokewa. Anayekitoa hawezi tena kusema hakumpokea. Akeyo aliliona hilo wazo likipita usoni mwa kaka yake.

Oyugi alinyoosha mkono. Kushoto.

"Shika, shemeji," alinguruma. "Na unywe upesi, wengine tunangoja."

Odoch alikipokea kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Alikivusha mbele ya kifua cha Oyugi, mpaka kwa Akeyo, mkono wake mgumu usitetemeke hata kidogo, na wake Akeyo ukitetemeka kwa wote wawili. Wakakishika pamoja ili kisimwagike.

"Tangulia, fundi."

Akeyo alitikisa kichwa, akitabasamu mpaka skafu ya kijani ikamlegea.

"Kunywa, Odoch," alisema, akimwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza. "Mimi nimekungoja muda wote, nitashindwaje na funda moja?"